Mnyororo Ukisimama

Kiwanda cha kuku cha mji wa Choloma kilitulipa kwa saa, lakini saa yenyewe iliendeshwa na mnyororo. Kuku walipita juu yetu wakining'inia kwa miguu, sisi wanawake tumejipanga chini na visu, huyu anakata mabawa, yule mapaja. Mnyororo ukienda, tunalipwa. Ukikwama, msimamizi wetu Don Arnulfo anapuliza filimbi, nasi tunapanga foleni kugonga kadi za kutoka.

Kutoka kwenyewe kulikuwa jina tu. Tuliingizwa kwenye korido iliyopakana na chumba cha mitambo ya baridi, geti likafungwa kwa kufuli, tukakaa humo hadi fundi amalize. Huruhusiwi kwenda nyumbani, huruhusiwi hata kununua baleada ya moto, mkate wa kukunja wenye maharage, kwa yule mama wa barabarani. Mnyororo ukianza, unagonga kadi ya kuingia na kushika kisu.

Edelmira alisimama kulia kwangu. Alinizidi umri sana, mjane, na mdomo wake haukuwa na breki. Baridi na kisu vilikuwa vimemtia ganzi vidole viwili.

"Don Arnulfo," alimwambia siku moja tukiwa kwenye foleni ya kadi, "huko kwenye korido nikibanwa na mkojo, nakojoa kwa muda wangu au wa kampuni?"

Tulicheka. Arnulfo hakucheka.

"Wako," alisema. "Na ukiendelea hivyo nitakupa muda wa kutosha kabisa, ukakojoe kwako."

Alhamisi moja, baada ya chakula cha mchana, mnyororo ulikatika. Tukagonga kadi, tukaingia koridoni, wengine wakaketi sakafuni na mabuti yao yaliyojaa maji. Nilikuwa nammenyea Edelmira chungwa, maana vidole vyake havikushika vizuri, ndipo kitu kikapasuka upande wa mitambo. Ukafuata mluzi mrefu wa hewa. Kabla hatujainuka, harufu ikatufikia. Ilikuwa amonia, gesi ya mitambo ya kugandishia nyama. Ukiivuta mara moja tu, koo linajifunga lenyewe.

Mlango wa chumba kile ulikuwa na kitasa kibovu tangu Krismasi. Mafundi walikuwa wameufunga kwa kamba ya plastiki, na sasa kamba ilikuwa imekatika, mlango unajifungua. Tulikimbilia geti, tukalitikisa, tukamwita mlinzi. Mlinzi hakuwa na ufunguo. Ufunguo alikuwa nao Arnulfo, na Arnulfo alikuwa ofisini ghorofani akimpigia simu fundi wa mnyororo.

Nilipogeuka kumtafuta Edelmira, nilimwona amekwenda kule tulikokukimbia. Alikuwa ameusukuma mlango kwa mgongo ukafungika, mabuti ameyakita sakafuni, aproni yake iliyolowa ameisokomeza kwa kisigino kwenye ufa wa chini.

"Dada Mira, njoo huku," nilimwita.

"Nikitoka utafunguka." Macho ameyafumba. "Hangaikeni na hilo geti, mnanitazama nini?"

Arnulfo alipokuja alikosea tundu la kufuli mara mbili. Geti lilipofunguka tulimwagikia uani, tunakohoa, tunatapika. Mimi na Suyapa, aliyekata mapaja, tulijifunga vitambaa vilivyolowa usoni, tukarudi kumburuta. Alikuwa bado ameegemea mlango. Hakuweza kusema.

Hospitali walisema mapafu yameungua. Jicho la kushoto liliingia ukungu mweupe, halikupona. Dawa zikawa ghali, nikafuatana na binti yake, Nohelia, kwenda ofisi ya wafanyakazi pale kiwandani. Alitupokea mwanamke mpole, akatuletea maji ya kunywa.

"Tunasikitika sana na yaliyompata mama," alisema. "Lakini kadi yake inaonyesha alikuwa ameshatoka kazini. Kwa hiyo hii siyo ajali ya kazi."

"Alikuwa ametoka kwenda wapi?" Nohelia akauliza.

"Kadi haielezi hilo."

"Geti lilikuwa na kufuli, dada. Angetokea wapi?"

"Hilo la kufuli ni suala la ulinzi. Mimi nashughulikia mishahara."

Nohelia hakuyagusa yale maji.

Wiki iliyofuata mnyororo ulikwama tena. Filimbi ikalia. Sikwenda kwenye kadi. Nilibaki mahali pangu na kisu mkononi, na Suyapa naye akabaki, na wengine wote. Hatukuwa tumefanya mkutano wowote.

"Mmekuwa viziwi?" Arnulfo akauliza.

"Tunasikia," nilisema. "Tuko kazini."

Alipita akitutazama nyusoni mmoja mmoja. Alipofika pale alipokuwa akisimama Edelmira, alimkuta msichana mgeni kutoka El Progreso.

"Wewe, nenda ukagonge kadi."

Msichana alianza kulia, lakini hakwenda.

Tulisimama kwenye baridi ile hadi mnyororo ulipoanza, na malipo yaliyofuata yalikuja kamili. Suyapa alinunua soda, tukanywa uani kwa zamu, chupa moja. Baada ya hapo wakaanza kutuita ofisini wawili wawili. Mimi nilikuwa wa kwanza. Karatasi yangu ya kufukuzwa iliandikwa utovu wa nidhamu, na tangu hapo kila kiwanda ninakopeleka jina langu, nafasi inakuwa imeshajaa. Malalamiko yetu yako wizara ya kazi. Kila nikienda, naambiwa afisa anayeyashughulikia yuko safarini.

Kufuli la korido waliliondoa. Na kadi siku hizi hakuna anayeigonga, kwa sababu mnyororo ukisimama mashine inawakata muda yenyewe, na watu hawajui mpaka siku ya mshahara.

Edelmira anaishi. Hawezi kukaa karibu na jiko la kuni, kwa hiyo tortilla za kuuza, zile chapati za mahindi, anachomewa na jirani, naye anashinda mlangoni akivuta pumzi kwa shida. Mwezi uliopita Nohelia alichukuliwa kiwandani, laini ileile ya mabawa aliyokuwa mama yake. Alizunguka kote, hakupata kingine.

Nilikuwepo kwao asubuhi aliyoanza kazi. Nilidhani mama yake angemzuia. Alimuuliza tu kama amevaa soksi mbili mbili, kisha akanyoosha mkono kumpapasa mguu, kuhakikisha.