Ukuta Unaotazama Geti

Lori lilikuwa limeshakata kona, nami nimekaa nyuma juu ya godoro, nilipomwona mkwe wetu, mama mkwe wa binti yangu, bado amesimama mlangoni pake na mjukuu kiunoni. Mtoto alikuwa anatupungia, akidhani tutarudi jioni. Binti yangu alikaa mbele kwa dereva, shingo imemkauka kama mpini wa jembe. Hakugeuka.

Mkwe alikuwa amesema neno moja tu. "Mjukuu wangu si mzigo wa kupakiwa kwenye lori. Tafuteni chumba kwanza. Nitamleta mwenyewe, nikione. Nikikipenda, atabaki. Nisipokipenda, narudi naye."

Mwanawe, mume wa binti yangu, alikuwa na mwaka wa pili kaburini, na yule mtoto wa miaka mitatu ndiye pekee aliyemwachia mama yake huyo. Lakini binti alikuwa amepata kazi ya maabara kwenye hospitali ya mji ule mkubwa, na kazi haimngoji mtu.

Mimi alinichukua kwa sababu nimehama mara kumi na tisa. Shule niliisoma vipande vipande, darasa hapa, nusu muhula kule, ila nimepaka rangi nyumba za watu tangu sijaota ndevu.

"Baba, maisha yako yote umehama bure," aliniambia. "Safari hii hama kwa faida."

Tulipofika tukapata dalali waliyemwita Mguu Moto, maana hakuwahi kusimama mahali mpaka sentensi iishe. Chumba cha kwanza alichotuonyesha kilikuwa kimepakana na karakana ya kuchomelea vyuma.

"Kitulivu hiki, mzee."

"Na hizo kelele?"

"Utazoea."

"Wewe umezoea?"

"Mimi sikai huku," akasema, na tayari alikuwa nje.

Cha pili, dari ilikuwa imefura kama tumbo la mgonjwa. Binti aliitazama akanong'ona kwamba mama mkwe wake hatavuka hata kizingiti.

Cha tatu kilikuwa nyuma ya uwanja mdogo, dirisha linatazama geti, na hospitali ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nilipitisha kiganja ukutani. Laini kama ganda la yai. Karibu na fremu ya mlango rangi ilikuwa imebanduka kidogo, nikahesabu: nyeupe, kijani, maziwa, bluu. Mikono minne ya rangi. Sasa, nyumba ya kupanga hupigwa mkono mmoja, tena wa rangi iliyozimuliwa maji kama uji wa hospitali. Mikono minne nimeiona kwenye nyumba za matajiri.

"Mwenye nyumba huyu anajali," nikasema.

"Una hakika, baba?"

"Ukuta haunidanganyi, mwanangu."

Akaniamini. Tukahamia siku ileile.

Wiki ya pili lilitokea doa, kando ya dirisha. Ukubwa wa bakuli, rangi ya chai ya maziwa, kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa chini. Nililiosha kwa sabuni, likaondoka. Kesho yake lipo. Nikadhani najua linatoka wapi, kwa sababu binti akirudi kazini alikuwa akikaa hapohapo kwenye mkeka, simu mapajani, akingoja mkwe apige ili asikie sauti ya mwanawe.

"Mafuta ya nywele yako yanatuharibia ukuta," nikamwambia.

"Baba, mimi sijapaka mafuta kichwani tangu msiba." Akajishika kichwa kilichonyolewa. "Mafuta gani?"

Asubuhi alipokwenda kazini nikachukua kisu changu cha kukwangulia. Chini ya rangi nyeupe, juu ya kijani, doa lilikuwepo. Mahali palepale. Nikakwangua kijani. Juu ya rangi ya maziwa, lipo. Juu ya bluu lilikuwa kubwa kuliko yote, na chini yake mikwaruzo miwili ya mabega.

Nikakaa kwenye mkeka nipumzike kidogo, nifikirie dawa yake. Geti lilikuwa limefungwa. Nikalitazama. Nilipokuja kujijua, kisogo changu kimeegemea pale, kimetulia kama yai kwenye kiota, na jua lililokuwa sakafuni limeshapanda ukuta wa pili. Nusu siku ilikuwa imekatika. Nilikuwa namngoja mtu, tena kwa hamu, wala sikujua ni nani.

Nikatoka nje nikimbilie watu. Barazani alikuwepo jirani yetu, fundi cherehani, mama wa makamo.

"Dada, chumba chetu kilikuwa cha nani?"

"Yupi kati yao?" Hakuinua macho. "Kulikuwa na mama akimngoja mumewe. Kabla yake mzee mmoja, mwanawe alikwenda kutafuta kazi. Kabla ya huyo, wasichana wawili na mama yao. Kila anayetoka, mwenye nyumba anapaka rangi."

"Na hao waliongojwa, walikuja?"

Akakata uzi kwa meno.

"Mbona hukuniambia siku ile tunahamia?"

"Hukuniuliza, mzee. Ulikuwa unasifia rangi."

Nikarudi ndani nikiwa mdogo kama kidonge cha piriton. Fundi mzima, mikono minne naisoma kama heshima, sijiulizi chumba cha kupanga kinapakwa mara nne kwa sababu gani.

Na mkwe alikuwa anafika kesho yake. Nikimwambia binti, atakataa kulala pale, na chumba kingine hatuna. Mkwe atageuza na mtoto. Basi nikanyamaza. Nikapiga rangi ya mafuta kwanza, ile inayoziba hata masizi, kisha nyeupe juu yake. Binti aliporudi akasema pananukia upya.

Mkwe alifika saa nne asubuhi. Mtoto alimrukia mama yake, na binti akamshika mpaka akalalamika anaumizwa. Mkwe alikagua kama askari. Alifungua bomba, akanusa mto, akapekua chini ya kitanda. Kisha akapita kiti tulichomwekea, akaenda moja kwa moja kwenye mkeka.

"Mkwe, njoo ukae kitini," nikasema. "Huko rangi mbichi."

"Imekauka, mkwe. Na hapa naliona geti."

Akaegemeza kichwa ukutani, palepale pa lile doa. Chai yake ikapoa. Mtoto alicheza na vifuniko vya sufuria mpaka akachoka, akalala, na mkwe bado anatazama nje. Mwisho akauliza polepole, "Hapa alikuwa anakaa nani?"

Binti akanitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema.

"Hakuna mtu, mkwe. Ukuta ni ukuta."

"Basi mtoto abaki," akasema, akainuka kwa kushika dirisha.

Doa halikurudi tena kwenye chumba kile. Binti alikaa humo miezi minane, kisha akapata nyumba ya wafanyakazi wa hospitali. Mtoto yuko darasa la pili. Mguu Moto aliacha udalali, sasa anauza vioo vya magari. Fundi cherehani bado yuko barazani.

Mkwe alipofika kwake alivuta mkeka hadi ukuta unaoona barabara. Majirani wanasema ndipo alipokuwa akishinda. Tulimpelekea mjukuu mara mbili. Mara ya tatu tulikuwa tunafunga mizigo tukapigiwa simu. Baada ya mazishi yake niliombwa nipake ile nyumba, na ukuta ule ulihitaji mikono mitatu kuliziba doa. Binti sijamwambia kitu. Ninaishi kwake, na sijahama tena.