Kiuno cha Sentimita Elfu Thelathini

Haki ya nani, haya ni kweli tupu. Nikidanganya, nywele chache nilizobakiza zinyonyoke leo hii.

Maktaba ya mtaa wetu ina chumba chenye kompyuta sita, na bosi wa maktaba alitaka kukigeuza stoo. "Nionyesheni mtu asiyejua kitu ameunda programu ya maana kufikia Ijumaa," alisema. "La sivyo, naingiza makabati humo."

Binti yangu, mwalimu wa chumba hicho, alitaka wanaoanza wafundishwe Python, lugha nyepesi ya kuandikia programu. Mimi, fundi lifti mstaafu niliyejifunza C, lugha kongwe ya programu, peke yangu kwa kitabu kisicho na jalada, nilicheka.

"Python ni uji wa watoto, mwanangu. C inakomaza meno."

"Baba, zimebaki siku tano!"

"Nipe mmoja tu, halafu kaa pembeni."

Akanipa mama fundi cherehani, aliyekuwa akiogopa hata kugusa mausi. Jumatatu nilimfundisha kuhesabu kuanzia sifuri. "Kama lifti, mama. Ghorofa ya chini kabisa ndiyo sifuri." Jumanne kibodi ilifuka moshi kwa kasi ya vidole vyake. Jumatano tulijifungia, mazoezi ya siri. Alhamisi kompyuta yenyewe iliomba likizo.

Ijumaa bosi alikuja na futi ya kupimia makabati. Fundi wangu akaingiza vipimo vya wateja ishirini, akabonyeza, na programu ikataja mita za kitambaa za kila mmoja. Bosi akapiga hesabu kwa mkono, akarudia, akatafuta kosa hadi jasho likamtoka. Hakuna! Akakunja futi yake.

"Chumba ni chenu."

Makofi yalitikisa madirisha. Nikapanda juu ya meza. "C hiyo! Nani alibisha?"

Binti yangu akainamia skrini, akasoma taratibu. "Baba, hii ni Python."

"Aa, hiyo ni C ya kisasa."

"Mzee, acha hizo!" fundi cherehani akadakia. "Jumatano nilisahau sifuri, nikaanza kuhesabu wateja na moja. C yako wala haikunikosoa. Ilimpita mteja wa mwisho, ikaokota namba huko isikojulikana, ikanipa mteja mwenye kiuno cha sentimita elfu thelathini! Si wewe uliyesema tuhamie Python, inayomwambia mtu kosa lake, na nisimwambie mwalimu?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata bosi. Binti yangu alinikabidhi ndoo na dekio.

"Kwa uongo huo utadeki mwezi mzima, Baba. Na chini ya meza usiruke."

Nimeketi kidogo niandike haya. Zimebaki meza mbili.