Mkubwa wa Ugonjwa

Tangu apunguzwe kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, Mzee Ndalahwa alibaki na cheo kimoja tu: mgonjwa wa presha. Na alikishika vizuri. Kila Jumatatu alifika kwenye zahanati ya daktari Luhende pale Buhongwa, moja ya zile za binafsi zilizoota kama uyoga baada ya serikali kuruhusu. Yeye mbele, mikono mitupu. Mkewe Ng'washi nyuma, na chupa ya chai, mto wa kukalia, na dawa za bwana kwenye pochi.

Jumatatu hiyo Ng'washi alishika ukuta mlangoni.

"Mama, vipi?" Luhende aliuliza.

"Kichwa tu, daktari. Na macho yanaona vimulimuli."

"Achana naye," alisema Ndalahwa, ameshakunja mkono wa shati. "Hedhi ilikoma mwaka juzi. Damu iliyokuwa inatoka imekosa njia, inapanda kichwani. Dada yangu anamuumika kwa pembe, inatoka kidogo kidogo."

Kweli, kwenye paji la uso Ng'washi alikuwa na alama mbili za duara, bado mbichi.

"Ngoja nimpime presha."

"Presha? Mwanamke hana presha, daktari. Mwanamke ndiye presha yenyewe!"

Benchi zima la wagonjwa liliangua kicheko. Ng'washi naye alicheka, huku ameshika kichwa.

Luhende alimpima: mia mbili na kumi. Akapima mkono wa pili. Vilevile. Mzee mwenyewe alikuwa na mia na hamsini.

"Mzee, sikiliza. Mishipa ya mwanamume inakakamaa polepole tangu ujanani, kama mpira wa maji ulioachwa juani. Ya mwanamke inalindwa na mwili wake, inabaki laini mpaka hedhi ikome. Ulinzi ukiondoka inakakamaa haraka, mwisho inaweza kuipita hata yenu. Damu haijazidi. Njia ndiyo imekuwa ngumu. Wa kuogopewa leo ni mama. Anaweza kupooza."

Ndalahwa alitafakari.

"Kwa hiyo mimi nimeanza zamani."

"Ndiyo."

"Yeye juzi tu."

"Ndiyo, lakini..."

"Basi kwenye ugonjwa huu mimi ndiye mkubwa. Na kwetu mdogo hatangulii kunawa."

"Hapo mzee kapatia!" mtu alidakia kwenye benchi.

Luhende alimwekea Ng'washi vidonge mkononi. "Hivi ni vyako, mama. Usimpe mtu. Na hiyo pembe muiache."

"Asante, baba."

Hawajafika barabarani, Ndalahwa alinyoosha kiganja nyuma bila kugeuka. Ng'washi akaviweka humo, kama alivyozoea kuweka kila kitu.

"Mzee, hivyo ni vyake!" Luhende alipaza sauti dirishani.

"Namtunzia!"

Jumatatu iliyofuata Ndalahwa alikuja peke yake, amejibebea mto. Luhende alimpima, akatabasamu.

"Mia na ishirini! Mzee, unataka kuoa?"

"Vile vya mama ni vikali, daktari. Mimi ulikuwa unanipa vya kitoto."

Tabasamu likamkauka Luhende. "Yeye amemeza nini?"

"Amemeza nini tena? Wifi yake alimuumika, ikatoka damu nyingi tu. Ijumaa akaanguka jikoni. Sasa upande wa kulia umelala, mdomo umekwenda huku." Alivuta shavu lake kwa kidole kuonyesha. "Ukimsemesha anajibu kwa mate."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, akajifanya anakohoa.

"Tangu Ijumaa? Na hamjampeleka hospitali?"

"Wa kumbeba ni nani? Mimi na presha hii?"

"Presha yako imeshuka!"

"Ndiyo maana nimekuja mapema, isije ikapanda. Nipe vile vyake. Jina lake si bado unalo daftarini?" Akanyoosha kiganja.

Luhende alimpita, akatoka nje, akapiga kiki pikipiki. Ndalahwa alimfuata mpaka mlangoni, kiganja bado wazi.

"Daktari! Sasa unamfuata nani? Mgonjwa niko hapa!"

Pikipiki iliondoka. Mzee akarudi kwenye benchi, akapangusa mto wake, akakaa.

"Mnaona wenyewe," aliwaambia. "Kaanza juzi tu, ameshaninyang'anya daktari."