Kengele ya Chumba cha Mama Mkwe

Mjini hapakuwa na mtu aliyelipenda neno "huru" kama yule mkaguzi wa kinga ya moto. Lilikuwa kwenye muhuri wake, kwenye kadi, hata kwenye mlango wa gari. "Mimi ni mkaguzi huru," alikuwa akisema, mkono kifuani, na watu walimwamini kwa sababu tai yake imenyooka. Hawakujua kwamba asubuhi huvaa ovaroli akafunga kengele za moto katika majengo ya watu, na jioni huvaa tai akarudi kuzikagua. Kesi ya nyani kapewa ngedere, tena ngedere mwenyewe ndiye nyani. Wala hakuwahi kujikuta na kosa.

Katika jengo la ghorofa tano lililo nyuma ya soko alijipa alama zote. Kule chini, anakopita mwenye jengo, alifunga kengele za kweli, zile zinazonusa moshi zikapiga kelele. Vyumba vya juu alibandika darini vifuniko vyeupe vitupu, ndani hamna hata waya. Cheti kikatundikwa mapokezi, sahihi yake imejikunja kwa madaha.

Siku moja mkewe akamwambia, "Mama kahamia mjini. Kapata chumba ghorofa ya tano."

"Jengo lipi?"

"Lile la nyuma ya soko. Kaona sahihi yako ukutani, hata hakuuliza mara mbili."

Wapangaji wengine alikuwa amewalaza chini ya vifuniko vile na yeye akakoroma kwake bila wasiwasi. Sasa ni mama mkwe, mwanamke aliyemlea mkewe peke yake na ambaye mkaguzi hakuthubutu kumtazama usoni. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Akaenda kumsalimu.

"Shikamoo mama. Ngazi hizi hazitakuumiza magoti?"

"Marahaba baba. Magoti haya yamepanda vilima, sembuse ngazi."

"Na upepo wa huku juu?"

"Ndio nilioufuata."

"Lakini mama, ni mbali na mlango. Likitokea la kutokea?"

Mama mkwe akacheka mpaka akashika ukuta. "Mkwe wangu kakagua mwenyewe, niogope nini? Nimewaambia majirani wote walale fofofo, mkwe wangu hana mchezo na kazi."

Mwanamume mwingine angesema kweli palepale. Huyu akatafuta njia ya mkato. Kesho yake alirudi na kengele nzima, akaifunga juu ya kitanda cha mama mkwe, hiyo moja tu, akashuka akipiga mluzi. Majirani je? Hao hawakuwa wakwe zake.

Jumapili mchana, mkaguzi na mkewe wakiwa wamekuja kumtembelea, mama mkwe alijisahau kwa maongezi, mafuta yakaungua jikoni. Moshi ukajaa chumba, ukamwagika kwenye korido, ukaingia vyumba vya watu. Kengele yake ikalia hadi masikio yakauma. Sufuria ikaepuliwa, madirisha yakafunguliwa, hakuna aliyedhurika. Majirani wakatoka wakikohoa.

Msusi wa chumba cha pili, mtoto mgongoni, akauliza, "Mama, mbona yako inalia na zetu zimenyamaza?"

Mama mkwe alibeba kiti, akaingia kwa msusi, akapanda, akazungusha kifuniko. Kikamjia mkononi kama kifuniko cha birika. Akachungulia ndani, akamgeukia mkwewe. Mtama ulikuwa umemwagwa penye kuku wengi.

"Mama, naomba nieleze."

"Ulijua," alisema kwa sauti ya chini. "Ulijua, ndiyo maana ukanifungia mimi peke yangu. Na huyu mtoto?"

Aibu ikamshika mkaguzi, akatamani ardhi ipasuke. Mkewe alikuwa akitazama pembeni.

"Msusi, chukua shuka zako," mama mkwe akasema. "Wewe na mtoto mtalala kwangu. Huyu mkwe wangu atalala kwako, mpaka kila chumba cha jengo hili kiwe na kengele inayolia."

"Lakini mama, chumba kile si salama!" mkaguzi akaropoka, mbele ya wapangaji wote.

Mama mkwe akashuka kwenye kiti, akamsogezea.

"Enhe," akasema. "Sasa ndiyo unakagua. Panda."