Foleni ya Mama Monika

Enesi alikuwa uani kwake, nyuma ya maegesho ya malori Tunduma, akichambua maharage huku machozi yakimdondokea kwenye ungo. Kabla ya saa sita maharage yale yalikuwa yameota, yana majani mawili mawili na mizizi myeupe. Kwa kuwa hayakufaa tena kupikwa, aliwamwagia kuku. Mchana akala ugali na majani ya maboga.

Alikuwa akilia tangu mwanawe Gwakisa aondoke. Gwakisa alikuwa utingo, na siku ya kuondoka alimwambia, "Mama, namsindikiza dereva hapo mpakani tu, ugali usipoe." Ugali ulipoa, ukakauka, na sweta yake ikabaki kwenye kamba. Wapo waliosema wamemwona Kasumbalesa, wapo waliosema yuko migodini Zambia, na wenye midomo isiyo na breki walisema amekufa. Enesi hakutaka kitu kingine duniani ila kumwona akiingia mlangoni.

Jirani yake Conjesta, mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya, alikuja kuazima ungo ule ungali umelowa. Aliupangusa kwa mkono, kisha kwa mkono huohuo akajifuta jasho usoni. Jioni mwanawe mkubwa, Brian, ambaye hakuwa amepiga simu tangu enzi za korona, akashuka kwenye basi na begi lake. Alipoulizwa kilichomrudisha, alisema miguu ilianza kutembea yenyewe. Conjesta akampa maji ya kuoga, kisha akaenda kurudisha ungo.

"Dada, hayo machozi usiyamwage ovyo," alimwambia Enesi. "Mimi bado nina Justine, yuko kwenye machimbo huko Mkwajuni, pombe imemfanya asahau hata jina langu."

Habari hazikulala. Wakaja akina mama wa Vwawa, wakaja wa Ileje, wakaja wa Nakonde ng'ambo ya mpaka wakishukuru kwa Kibemba, "Natotela, mayo," kila mmoja na chupa yake. Aliyenawa uso kwa machozi ya Enesi, mwanawe alirudi, awe gerezani au Afrika Kusini. Mmoja wa watoto hao alikuwa amefariki zamani kidogo. Naye alirudi, akakaa barazani mpaka jua likazama, akanywa chai, akaaga vizuri.

Katekista Yonasi alileta picha ya Mtakatifu Monika, wakaitundika ukutani juu ya kiti cha plastiki cha Enesi. Kila asubuhi aliwasimulia waliopanga foleni jinsi Monika alivyomlilia mwanawe Augustino, na jinsi kijana huyo alivyomdanganya bandarini kwamba anamsindikiza rafiki, kumbe anapanda meli. Hapo Yonasi alifunga mdomo na watu wakaimba. Tangu hapo hakuna aliyemwita Enesi jina lake la zamani, Mama Gwakisa. Aliitwa Mama Monika.

"Mbona unaishia bandarini?" Enesi alimuuliza siku moja. "Monika naye alipanda meli, akamfuata. Ulitufundisha mwenyewe."

"Ndiyo, mama," alisema Yonasi akiangalia viatu vyake. "Leo muda umetubana."

Usiku uleule Enesi alifunga nguo zake kwenye kitenge ili avuke mpaka. Asubuhi akina mama wakamfungulia kitenge kwa adabu, wakazikunja nguo, wakazirudisha kabatini. Na siku macho yalipokuwa makavu, Conjesta alimlazia ile sweta magotini, akakaa pembeni kusubiri. Ulikuwa ukatili, na aliujua, maana alikuwa akiangalia dirishani.

Gwakisa alirudi mwezi wa nane, msimu wa upepo na vumbi. Yeye hakuvutwa na miguu. Alimkumbuka mama yake tu, akamnunulia blanketi, akadandia lori lililokuwa linarudi. Alipoona mstari wa watu kuanzia kwenye malori hadi mlangoni kwao, alidhani ni msiba.

"Shikamooni. Nani amefariki kwa Mama Gwakisa?"

"Marahaba. Huyo hatumjui," alijibu mama mmoja aliyetoka Ibaba. "Hapa ni kwa Mama Monika. Panga foleni, mwanangu."

"Mimi ndiye Gwakisa. Hapa ni kwetu."

Maneno yale yakapita mdomo kwa mdomo mpaka mbele, na Conjesta akatoka mbio. Alimkumbatia kijana, akamuuliza kama amekula, kisha akasimama kati yake na mlango.

"Mama yako akikuona, machozi yanakauka," alisema. "Justine wangu hajarudi. Na hawa wote je?"

"Mama Brian, nipishe."

Hakumpisha. Gwakisa alizunguka nyuma ya nyumba, akakuta foleni nyingine, ya wale waliosikia kwamba ya mbele ni ndefu. Alipojaribu kupenya, yule mama wa Ibaba alipiga magoti akamshika miguu.

"Ndaga, mwanangu, asante, Mungu akubariki," alisema, kana kwamba ameshakubaliwa. "Wacha nipate mimi, halafu uingie."

Alikuwa na uso wa mtu asiyelala, na Gwakisa akaishiwa nguvu. Akajipanga nyuma. Kupanga foleni alikuwa amekuzoea, kwa maisha yale ya malori.

Ndani, Enesi alisikia kikohozi. Akasimama.

"Huyo ni Gwakisa!"

"Ni Brian, ana mafua," alisema Conjesta.

"Mwanangu simjui? Niacheni nitoke!"

Mikono mingi ikamkalisha taratibu. Kaa, Mama Monika, usijichoshe, walimbembeleza, na mmoja akamfuta vumbi miguuni.

"Mimi ni Mama Gwakisa!" alipiga kelele. "Mama Gwakisa!"

Siku hiyo machozi yalijaza madumu yote, yakavuka kizingiti, na punje za mahindi zilizokuwa zimedondoka njiani zikaota. Akina mama walipiga vigelegele.

Wiki haikuisha, Justine naye akaja, hana harufu ya pombe, vumbi la Mkwajuni mpaka magotini, akamwita mama yake kwa jina. Conjesta alilia kwa furaha. Enesi alimshika mkono.

"Wako amerudi, dada. Sasa mpishe wangu."

Conjesta alitazama foleni. Aliitazama kwa muda mrefu, na inawezekana roho ilimuuma.

"Kuna wengine," alisema, akamlazia sweta magotini.

Gwakisa yumo kwenye foleni mpaka leo. Kila akikaribia mlango huombwa ampishe aliyetoka mbali, kwa sababu yeye ameshafika na watoto wa wenzake bado. Anaheshimiwa sana. Analetewa chai, na wapo wanaomgusa bega wapate baraka. Lile blanketi amejifunika mwenyewe, maana upepo ni mkali. Jioni Enesi huita kutoka ndani.

"Mwanangu, umefika wapi?"

"Nipo hapa mlangoni, mama."

Hapo akina mama husogeza beseni.