Kitanda cha Saveta

Kwetu Bârlad, mji wa Romania, marehemu hulalia kile ulichokitoa kwa ajili yake. Ukitoa kiti, anakaa, usipotoa, anasimama. Ndiyo maana kabla ya arobaini hutolewa kitanda kizima, kimetandikwa, na anayekipokea hushika mshumaa, akamtaja marehemu kwa jina na kusema, "Mungu amsamehe." Asiposema hivyo, umetoa fanicha tu.

Zilibaki siku tatu arobaini ya mke wangu Saveta itimie, na mimi sikuwa na mtu wa kumpa. Zamani ningegonga mlango wa jirani. Siku hizi ngazi ya ghorofa letu ina milango kumi na minane, na anayesikika akikohoa ni mimi peke yangu. Wengine wote wako Italia, akiwamo mwanangu Sorin, aliyeniambia kwenye simu, "Baba, achana na mambo ya kizamani. Nitatuma hela, wewe pumzika." Nipumzike nini? Nimepumzika mpaka mbavu zinauma.

Nikaenda kwenye shirika linalosaidia familia zisizo na makazi, nyuma ya stendi ya mabasi. Msichana wa mapokezi, Otilia, alikuwa anatafuna mbegu za alizeti.

"Babu, njia za kuchangia ziko nyingi," akasema, akinyoosha kidole kwenye bango la ukutani. "Unatuma ujumbe kwa simu. Au unajaza fomu, sehemu ya kodi ya pensheni yako inakuja kwetu. Au unaleta nguo, ila ziwe zimefuliwa, maana wengine wanatuletea aibu zao."

"Mimi nina kitanda."

"Kitanda kinaenda ghalani. Tunagawa wenyewe."

"Na atakayekipata atamtaja Saveta?"

"Saveta ndiye nani?"

Nikamweleza, na sauti ikanitoka kama ya mtu anayegombana. "Binti yangu, mke wangu hawezi kulalia ujumbe wa simu!"

Akacheka, kisha akaziweka mbegu kando. Naye ni mtoto wa hapa hapa, bibi yake alizikwa kwa taratibu hizi hizi.

"Kanuni hairuhusu nikukutanishe na familia," akasema. "Lakini kuna mama anahamia kesho kwenye chumba tulichompatia, na gari letu ni bovu. Akija kwako mwenyewe kuchukua kitanda, mimi sijui kitu. Nilikuwa nimeenda kunywa chai."

Kesho yake akaja, pamoja na kaka yake aliyeazima gari. Jina lake Crina, mwanamke mrefu, mikono imepasuka kwa baridi. Nyumba yao iliungua miezi saba iliyopita, na tangu hapo yeye na wanawe walikuwa wakilala kwa watu. Alisimama mlangoni mwa chumba, akakitazama kitanda, akanitazama mimi.

"Mzee, hiki si kipya. Hiki ndicho mnacholalia."

"Ndicho alichokizoea."

"Na wewe utalala wapi?"

"Jikoni kuna kochi."

Kochi halipo. Kuna benchi. Saveta alikuwa akisema nikidanganya masikio yangu huwa mekundu, nikageuka upande kuuwasha mshumaa.

Crina aliupokea bila kufundishwa. "Kwa ajili ya nani?"

"Saveta."

"Mungu amsamehe Saveta."

Nililia, sifichi. Siku thelathini na nane nilikuwa namwona amesimama mahali pa giza, kwa miguu yake ile iliyokuwa ikivimba. Sasa amelala.

Crina akaipapasa shuka, akahesabu kwa macho. "Mito ni miwili. Wa pili ni wa nani?"

Ningeweza kusema ni wa ziada. Lakini nikamfikiria Sorin. Atatuma hela, atatuma na maua. Nani atahangaika kumtafuta mtu wa kuushika mshumaa wangu? Kwetu mtu anaruhusiwa kuitoa sadaka hii yeye mwenyewe angali hai, akiona hana wa kumtolea. Ni aibu kidogo, lakini inaruhusiwa.

"Wa Neculai," nikasema.

"Naye amefariki?"

"Bado."

Akanielewa. Hakucheka wala hakunipa pole. Aliunyoosha mshumaa vizuri, akainamisha kichwa.

"Mungu amsamehe Neculai," akasema, kwa sauti ile ile.

Niliwakaribisha chai, lakini gari la watu lilikuwa linasubiriwa. Kaka yake akaanza kufungua skrubu za kitanda, na mimi nikaenda kuwashikia mlango.