Mshika Koti

Kazi ya Delbert Kroeger ilikuwa kushika koti. Nyingine alikuwa nazo, tena nyingi: kuendesha gari maili mia tatu kwenye theluji kumtazama mwanafunzi mrefu wa sekondari akicheza, kuwaamsha wachezaji waliokwepa darasa, kuketi kwenye sebule za watu na kuwaambia akina mama kwamba watoto wao watatunzwa. Lakini ukiwauliza watu wa Wendover, huko Indiana, huyu Del anafanya nini pale chuoni, walikwambia anashika koti.

Mambo yalikuwa hivi. Kocha mkuu wa mpira wa kikapu, Royce Haddix, alikuwa na hasira za kuzaliwa nazo. Refa akipuliza filimbi asiyoipenda, Haddix aliruka kutoka benchi akaelekea uwanjani, na kocha akiingia uwanjani kugombana huadhibiwa. Adhabu ya kwanza wapinzani hupewa mitupo ya bure. Ya pili, kocha hutolewa nje mbele ya watu wote. Basi Del aliketi kiti cha pili, na Haddix aliponyanyuka, Del alipitisha mkono chini ya mkia wa koti lake la suti, akalikamata kwa vidole vitano, akaegemea nyuma. Haddix alining'inia mbele kama beberu kwenye kamba, akimtukana refa kwa raha zake, ncha za viatu vyake zikiwa nyuma kidogo tu ya mstari.

Miaka kumi na sita walifanya hivyo. Mshono wa nyuma ulifumuka kila baada ya mechi tatu nne, na Haddix hakulipeleka koti kwa fundi. Alimrushia Del. Del alilipeleka nyumbani, na mkewe Arlene akalishona kwa uzi mnene mweusi, uzi wa kushonea turubai, mshono juu ya mshono, maana alijua ni uzito gani utakaoning'inia pale.

"Mwambie Mama Mkia ahsante," Haddix alisema kila alipolipokea, wachezaji wakisikia.

Mkia ndilo jina alilompa Del. Mkia, lete maji. Mkia, kaa chini, hakuna aliyekuuliza. Siku moja mwandishi wa gazeti alimgeukia Del na swali lake, Haddix akamkata: "Bwana, ukitaka kuongea na mkia, zunguka nyuma ya ng'ombe. Hapa mbele naongea mimi." Chumba kizima kikacheka. Del naye akacheka, kwa kuwa alikuwa na miaka hamsini na saba na bado alikuwa anangoja.

Alichokingoja ni kile kiti cha kwanza, cha kocha mkuu. Alikuwa amekingojea katika majimbo sita, vyuo saba, Arlene akifunga sahani zile zile kwenye magazeti na kuzifungua kwenye jiko jipya, na kila mahali aliambiwa zamu yako inakuja. Hakutaka makubwa. Alitaka msimu mmoja tu ambao mchezo ukisimama, vijana wageuke wamtazame yeye. Haddix alilijua hilo. Ndiye aliyemwahidi: nikistaafu, kiti chako. Halafu kila mwaka wakati wa maua akatia sahihi mkataba mwingine.

"Hata mwaka huu?" Del alimwuliza safari moja.

"Ngoja nife, Mkia. Ila nguvu bado ninazo. Mwombe Mungu."

Mwezi wa Januari, mkurugenzi wa michezo, Bi Paulette Strand, alimwita Del ofisini kwake. Alikuwa mwanamke mkimya, mwenye kuzipanga kalamu zake kama uma na visu.

"Del, msimu huu Royce ametolewa uwanjani mara ngapi?"

"Mara mbili. Zote mbili nilikuwa safarini kutafuta wachezaji."

"Hilo nimeliona." Akasogeza kalamu moja. "Mkataba wake mpya unasema akitolewa mara ya tatu, umevunjika wenyewe. Wazazi wamechoka naye. Rais wa chuo amechoka. Mimi sisemi kitu. Naona tu kwamba wewe una mkono wenye nguvu."

Del akautazama mkono wake juu ya goti.

"Na akiondoka, Bi Paulette?"

"Nani anaijua timu hii kuliko wewe?"

Del akatoka na swali hilo, akalibeba mpaka kwenye gari kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo. Hakumwambia Arlene.

Jumamosi ya pili ya Februari walikuja Harlan Bluff, wapinzani wao wa tangu zamani. Mchana mweupe wa theluji nje, na ndani joto la watu elfu nne, harufu ya bisi na siagi, tarumbeta za wanafunzi. Arlene alikuwa safu ya tano nyuma ya benchi, mahali pake pa siku zote. Haddix alipata adhabu ya kwanza mapema kabisa, Del alipokuwa ameinama kuokota karatasi. Ile kweli ilikuwa bahati mbaya. Haddix alimpiga kisogoni kwa karatasi ya ratiba ya mechi iliyokunjwa. "Unalala, Mkia? Nikununulie mto?"

Zikiwa zimebaki dakika saba, Wendover mbele kwa pointi moja, refa aliwapulizia kosa ambalo hata tarumbeta zililizomea. Haddix akainuka. Mkono wa Del ukaenda wenyewe, ukaingia chini ya koti, ukashika. Haddix akajitupa mbele kwa uzito wake wote, kama alivyojitupa kwa miaka kumi na sita, kama mtu anavyouegemea ukuta wa nyumba yake. Hakuchunga miguu. Miguu hakuwa amewahi kuichunga. Kazi hiyo alimwachia Del.

Del akasikia mishono ya mkewe ikikaza chini ya vidole vyake. Ilikuwa imara. Ingemshika mpaka kesho.

Akafungua mkono.

Haddix alikwenda kichwa mbele. Alianguka kwa magoti na viganja, akateleza kwenye mbao zile zilizong'arishwa, akamkumba refa miguuni, refa akamwangukia mgongoni. Halafu mtu mmoja upande wa Harlan Bluff akacheka, na kicheko kikazunguka uwanja mzima, watu wa kwao na wa Wendover. Miwani ya Haddix ilikuwa imefika chini ya kikapu. Akiwa bado amepiga magoti hakumtafuta refa. Aligeuza kichwa kuelekea benchi, macho yake matupu hayaoni vizuri, akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Del?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake.

Wakamtoa. Zile dakika saba zilizobaki, Del alisimama mbele ya kiti cha kwanza. Akawaita vijana, wakaja, wakainamisha vichwa kumsikiliza. Akabadilisha ulinzi, akamwingiza mchezaji mmoja mfupi ambaye Haddix hakumtaka, na mfupi yule akafunga mara tatu kutoka mbali. Walishinda kwa pointi nne. Vijana wakammwagia maji kichwani. Kama ungemwuliza siku ile, angekwambia maisha yake yote yalikuwa njia ya kufikia pale.

Nyumbani Arlene alipakua supu ya maharagwe na nyama, akaweka bakuli mbele yake, hakuketi.

"Uliachia," akasema.

"Aliteleza, Arlene. Jasho. Yule bwana ni mzito."

"Mimi sikuwa namtazama yeye. Nilikuwa natazama mshono. Kila mechi huwa nautazama mshono wangu." Akafuta mikono kwa aproni. "Haukufumuka."

Del akala.

"Watakupa hicho kiti?"

"Nani anaijua timu hii kuliko mimi?"

"Basi wakupe," Arlene akasema. "Wasipokupa, hata chai nitashindwa kukunywesha kwa moyo mmoja."

Lakini televisheni ilikuwa na kamera nyuma ya benchi. Jumatatu nchi nzima ilikuwa imeona. Walionyesha polepole: kidole gumba kwanza, halafu vile vinne, kimoja kimoja, kama mtu anayemenya kitunguu. Waliuzungushia mkono ule duara jekundu. Watoto waliiga shuleni. Haddix alikuwa ameshafukuzwa, amekwenda kukaa kwenye nyumba ya dada yake kando ya ziwa, na watu waliomchukia miaka yote sasa walisema maskini Royce.

Del akamalizia msimu kama kocha wa muda, kwenye kiti cha pili. Cha kwanza Bi Paulette aliamuru kiachwe wazi, kwa heshima. Mechi sita, wakashinda nne. Mwezi wa Aprili akaitwa tena mbele ya zile kalamu.

"Tumempata mtu," Bi Paulette akasema. "Brock Ansley. Ana miaka thelathini na nne. Utampenda."

"Uliniahidi."

"Nilikuuliza swali, Del. Swali si ahadi."

"Nilifanya ulichotaka."

"Mimi sikutaka kitu. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi. Koti lilikuwa kwako." Hakuwa na hasira, aliongea taratibu, kama anayemsomea mtu maelezo ya dawa. "Hebu fikiri mwenyewe. Nikikuweka kiti cha kwanza, lazima niwe na mtu wa kuketi cha pili. Sasa kijana gani atajifunza kazi kwako? Na mzazi gani atakukabidhi mwanawe, umwambie utamshika asianguke? Wote wameuona ule mkono."

Del akapiga simu Nebraska, akapiga Dakota, akapiga kwa watu aliowatafutia kazi wakiwa vijana. Rafiki yake wa miaka thelathini alimwambia, "Delbert, moyo wako naujua. Lakini nikikuleta hapa vijana watanicheka. Watauliza kama nimefunga mkanda nisianguke." Basi alipoambiwa abaki mwaka mmoja amwonyeshe Ansley mambo yalivyo, alibaki.

Mwezi wa Septemba kilifika kifurushi kutoka ziwani. Ndani lilikuwa lile koti, limekunjwa vizuri, na kikaratasi kwa mkono wa Haddix: *Mwambie Arlene mshono haukuwa na kosa.* Arlene akakisoma akiwa amesimama. Akalitundika koti sebuleni, nyuma ya mlango, mahali ambapo Del angelipita kila anapotoka na kila anaporudi. Del alipolitoa, jioni alilikuta pale pale. Hakulitoa tena.

Ansley alikuwa mchangamfu, meno mengi. Alivaa sweta fupi lililoishia kiunoni, linabana, kama vijana wa siku hizi. Siku ya kwanza alimpiga Del begani mbele ya wachezaji wote.

"Mzee Del, nimesikia sifa zako. Usijali, bwana." Akajigeuza, akawaonyesha mgongo wake. "Mimi sina mkia. Hapa hata ukitaka kushika, utashika nini?"

Wakacheka. Yule mchezaji mfupi aliyefunga mara tatu alicheka kuliko wote.

Wakampa kiti cha mwisho kabisa, baada ya wachezaji wasiochezeshwa, karibu na taulo.

Mechi ya kwanza ya msimu walikwenda Harlan Bluff. Timu ilipotokea tu, wanafunzi wa kule, mia sita hivi, wamejipaka rangi ya bluu usoni, waliinuka pamoja. Kila mmoja alinyoosha ngumi moja mbele, kimya. Del alidhani ni salamu yao. Halafu wakafungua vidole, gumba kwanza, halafu vile vinne, kimoja kimoja, na kwa sauti moja wakaimba, "Aaachia. Aaachia." Walirudia jioni nzima, kila mpira uliposimama. Hata mama mmoja wa makamo, mwenye soksi za kufuma, aliweka chini bisi zake ili apate mkono wa kufungulia.

Safu ya tano nyuma ya benchi Arlene hakuwepo. Alisema ana mafua.

Kipindi cha pili refa alipuliza vibaya. Ansley akaruka kutoka kitini, akaelekea mstarini. Kule mwisho, karibu na taulo, mkono wa Del ukanyanyuka wenyewe. Ukaenda mbele, ukapinda, ukakamata hewa kwa vidole vitano, na mwili wake mzima ukaegemea nyuma.

Mia sita waliuona. Walianza kuhesabu, taratibu, wakiusubiri ufunguke.

Del akauteremsha ukiwa umekunjwa vile vile, akauweka kwenye kiti chini ya paja lake, akaukalia.